Nyama ikipungua sufuriani, nini kiingie mahali pake?

Kwa watu wengi nchini, neno "mboga" lina maana pana. Mtoto akirudi shule na kuuliza leo kuna mboga gani, anaweza kujibiwa nyama, dagaa, maharage au mchicha, na hakuna atakayeshangaa. Chochote kinachosindikiza ugali au wali ni mboga. Ndiyo maana mzazi anapotangaza mezani kwamba kuanzia sasa familia itakula "mboga tu", kila mmoja huelewa lake. Baba anadhani atashindia majani, watoto wanadhani wamepewa adhabu, na bibi aliyekuja kutoka kijijini anauliza kama wajukuu zake wamegeuzwa mbuzi.

Sababu zinazozifanya familia zifikirie kula zaidi vyakula vya mimea zinaeleweka. Bei ya nyama hupanda haraka kuliko mshahara. Mzee ameambiwa hospitali kwamba presha au sukari iko juu na aangalie anachokula. Wengine husukumwa na imani ya dini. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Habari hiyo iliwafanya wazazi wengi waiangalie upya soseji inayowekwa kwenye kisanduku cha chakula cha mtoto.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mzazi haanzi na jiko jipya. Makande, kisamvu cha karanga, mbaazi za nazi, ndizi zilizopikwa na maharage, mseto wa choroko na wali wa kunde ni vyakula vilivyolea watu wazima wengi waliopo leo. Tatizo huja pale mabadiliko yanapofanywa kwa pupa, au yanapomgusa mtoto mdogo na mama anayenyonyesha bila maandalizi.

Kuondoa bila kuweka

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuondoa nyama kwenye sahani na kubakiza vilivyokuwa pembeni yake. Familia inabaki na mlima wa ugali na kijiko cha mchicha, au wali na kachumbari, au chipsi kavu. Mlo huo hauna nyama, lakini haujawa mlo kamili. Umebeba wanga mwingi na protini kidogo, na mtoto atalalamika njaa kabla jua halijazama.

Kitu kinachochukua nafasi ya nyama ni jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njegere, njugu mawe na soya. Maharage makavu yana protini gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, na soya huzidi gramu 30. Mchicha, pamoja na uzuri wake wote, hauwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Kipimo rahisi cha mezani ni kwamba kila mlo mkuu uwe na chakula cha nafaka, mizizi au ndizi, uwe na kimoja cha jamii ya kunde, uwe na mboga za majani, kisha na tunda. Nafaka na kunde zikiliwa siku moja, protini zao hukamilishana. Wali kwa maharage na makande vilijua hilo kabla ya vitabu vya lishe.

Siku mbili kwa wiki kwanza

Familia iliyozoea nyama au samaki kila siku hupata shida ikibadilisha yote Jumatatu moja. Tumbo hujaa gesi, watoto hugoma, na kufikia Alhamisi mishikaki imerudi. Ni afadhali kuchagua siku mbili za wiki, ambazo zikizoeleka zinaongezwa moja. Siku hizo zipewe chakula ambacho nyumba inakipenda tayari, mfano mbaazi za nazi na chapati, kisha ndipo vyakula vipya vijaribiwe.

Katika kipindi hicho mayai, maziwa na dagaa havina haja ya kufukuzwa. Familia nyingi za Kihindu zinazoishi nchini zimelea watoto bila nyama kizazi baada ya kizazi, lakini katika nyingi ya nyumba hizo maziwa, mtindi na siagi havikosekani. Kuacha nyama na kuacha kila kitokanacho na mnyama ni safari mbili tofauti, na ya pili inahitaji mzigo wa maandalizi zaidi.

Maharage, mkaa na gesi ya tumboni

Mama wa nyumbani atauliza swali la haki: maharage ni nafuu sokoni, lakini mkaa wa kuyachemshia je? Jibu la kwanza ni maji. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Maji ya kulowekea yamwagwe, maharage yasuuzwe na kupikwa kwa maji mapya. Hatua hiyo hupunguza gesi tumboni, na pia hupunguza vitu vilivyomo kwenye mbegu ambavyo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma na zinki. Jibu la pili ni kupika mengi kwa wakati mmoja. Yakishaiva, yagawanywe kwenye vyombo na kuwekwa kwenye friza, kisha kila siku litolewe fungu la kuungwa kwa nyanya, karanga au nazi. Asiye na friza anaweza kutegemea choroko na dengu zilizopasuliwa, ambazo huiva haraka.

Yapo mambo mawili ya usalama. Maharage mekundu ambayo hayakuiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, hivyo lazima yachemke sawasawa na yasiliwe yakiwa bado magumu. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Kikombe cha chai

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani hayaingii mwilini kwa wepesi kama ya nyama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, mabinti waliovunja ungo na wajawazito, kwani mahitaji yao ni makubwa. Hapa ndipo desturi ya chai inapoleta hasara. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa, na kwa mtoto aliyekula maharage na chai ya rangi, sehemu kubwa ya faida imepotea. Chai isubiri walau saa moja baada ya mlo.

Tunda lenye vitamini C hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chungwa, embe, papai, pera, juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, au limao lililokamuliwa juu ya kunde, vyote vinafaa, na vingi havina bei kubwa vikiwa katika msimu wake.

Vitamini isiyopatikana shambani

Sehemu hii isisomwe kwa haraka. Vitamini B12, inayotumika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani kwa kutegemewa katika chakula chochote cha mimea. Haipo kwenye maharage, haipo kwenye mchicha, na unga wa mlonge unaosifiwa mitaani kwamba unatibu kila kitu hauwezi kuileta. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo sana, mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini hicho kidogo hakina mbadala.

Mtu mzima aliyekula nyama, samaki au mayai miaka mingi huwa na akiba kwenye ini, na anaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuona upungufu. Ndiyo sababu wengine hudhani hawaihitaji. Mtoto mchanga hana akiba ya namna hiyo. Mama anayenyonyesha akiwa ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa yote, bila kutumia vidonge vya B12, anaweza kujisikia mzima kabisa huku mtoto akidhoofika ndani ya miezi michache ya mwanzo. Mtoto huwa mnyonge, hukataa kunyonya, na anaweza kusahau hatua alizokwishazifikia, kama kukaa au kuinua kichwa. Madhara kwenye ubongo wake yanaweza kubaki.

Kwa hiyo anayeacha vyakula vyote vya wanyama atumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na mjamzito au anayenyonyesha aseme wazi kliniki jinsi anavyokula. Baadhi ya unga unaouzwa madukani umerutubishwa. Maandishi kwenye mfuko huonyesha kilichoongezwa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo tumbo la mtoto bado ni dogo, na chakula cha mimea mara nyingi hujaza tumbo kabla hakijatosheleza mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku nyama, samaki au mayai, pamoja na matunda na mboga. Familia inayoanza kupunguza nyama haina sababu ya kumwanza mdogo huyu. Wakubwa wabadilike, yeye aendelee na yai lake au dagaa waliosagwa vizuri. Mzazi ambaye imani yake haimruhusu hata hivyo, ashauriane na mtaalamu wa lishe mapema, kabla mtoto hajaanza kula.

Uji nao unahitaji kutazamwa. Unga wenye mahindi, mtama, ulezi, uwele na ngano huitwa uji wa lishe, lakini vyote hivyo ni nafaka, yaani kundi moja. Ni bora nafaka moja au mbili, kisha uji uongezwe siagi ya karanga, ufuta uliosagwa, tui la nazi au parachichi lililopondwa ili uwe na nguvu. Soya ikitumika iive vizuri, kamwe isisagwe mbichi na kuchemshwa dakika chache.

Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, maana zinaweza kumpalia. Karanga na mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi yatupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na nyumba inayotegemea karanga kila siku ina sababu zaidi ya kuzichambua.

Bibi, wageni na maharage ya shule

Chakula ni heshima. Mgeni huchinjiwa kuku, na bibi asiyeona nyama anaweza kudhani mwanawe ameishiwa au mkwewe ni mchoyo. Mabishano ya lishe mezani hayamshawishi. Kinachofaa zaidi ni kumwomba afundishe alivyopika kunde au mlenda enzi zake, kisha kumwacha apike. "Mama, tunataka wajukuu zako wajue chakula chako" ni maneno yanayofungua mlango ambao somo la afya haliwezi kuufungua. Mgeni akija na kuku akapikwa, siku hiyo haijaharibu lolote.

Kwa watoto waliosoma bweni, maharage yana kumbukumbu ya maji mengi na wadudu wanaoelea juu. Hao wapikiwe kwa namna tofauti: mazito, yenye kitunguu, karoti na nazi, au yaliyopondwa na kuwekwa ndani ya chapati. Wakienda sokoni na mzazi wakachagua wenyewe kati ya choroko na mbaazi, huonja wenyewe bila kusukumwa.

Kadi ya kliniki ndiyo hakimu

Mwenye kisukari anayetumia dawa, na mwenye ugonjwa wa figo, wazungumze na daktari kabla ya kubadilisha mlo, kwa kuwa dozi au kiasi cha maharage kinaweza kuhitaji kupangwa upya. Kwa watu wazima wengine, uchovu usioisha, ganzi mikononi na miguuni, au weupe ndani ya kope ni dalili za kwenda kupima damu, badala ya kuongeza juisi ya majani.

Kwa mtoto, mzazi asitegemee macho ya majirani wala sifa za mtandaoni. Mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki ukiendelea kupanda, mlo unamfaa. Ukilala au kushuka, yai na dagaa virudi sahanini siku hiyohiyo, na mtoto apelekwe kliniki bila kungoja tarehe ya kadi.