Kazi ya marehemu, tuiache njiani?



Jumamosi jioni kulikuwa ugomvi mukubwa mu chumba chetu cha kulala. Mwenzetu mumoja alitusikilizisha albamu In the End ya The Cranberries, kikundi cha rock cha mji wa Limerick, Irlandi. Mwingine alipojua ya kuwa mwimbaji alikufa mbele albamu haijamalizika, akapiga kelele: «Zima ile! Wanauza sauti ya maiti!» Mimi ninakataa, na sababu ni hizi.

Tujue kwanza namna ile kazi ilifanyika. Mwaka 2017 Noel Hogan, mupiga gitaa, na Dolores O'Riordan, mwimbaji, walianza kutunga nyimbo mpya. Walikaa mbali mbali, kwa hiyo walitumiana vipande kwa intaneti. Dolores aliimba kwa kujaribu tu, akingojea siku ya studio. Ile siku hakuiona. Tarehe 15 Januari 2018 alikufa kwa ghafula mu hoteli moja ya London, miaka 46.

Wenzake watatu hawakukimbilia studio. Waliuliza kwanza jamaa yake, nao wakakubali. Kisha walisikiliza sauti zote, wakipima: je, iko muzuri ya kutosha, ao itaharibu jina lake? Mwezi wa Aprili 2018 waliingia studio kule London pamoja na Stephen Street, yule aliyetengeneza albamu yao ya kwanza iliyotoka mwaka 1993. Mike Hogan na gitaa la besi, Fergal Lawler na ngoma, wote walifuata sauti ya mutu asiyekuwapo. Nyimbo 11 zikatoka tarehe 26 Aprili 2019. Wenyewe walisema: hii njo albamu ya mwisho.

Sasa wizi uko wapi? Mwizi haombi ruhusa. Mwizi hasemi «basi, imetosha». Ni kweli, albamu iliuzwa, na feza iliingia. Kama wangalimdharau mama yake na watoto wake, ningalikuwa upande wa mwenzangu. Lakini ile kazi Dolores alianza mwenyewe, kwa kupenda kwake. Kama ingefungwa mu sanduku, ingemufaa nani?

Sisemi haya kwa ajili ya Irlandi tu. Wote tunajua daftari ya ndugu yetu wa kwaya aliyetuacha mwaka jana. Ndani muko wimbo: beti mbili na kiitikio, ya tatu haiko. Tangu siku ile hakuna anayesubutu kuugusa. Tunasema ni heshima. Mimi naona ni woga.

Shauri langu: tuende kwa mama yake, tumuulize. Akikataa, tunyamaze kabisa. Akikubali, tuumalize pole pole, tuimbe, na jina la kwanza juu ya karatasi liwe lake.

Asiyekubali aandike jibu. Tutalisoma.

Mwanafunzi wa kalasi ya sita