Mpaka wa Shamba, Mpaka wa Kumbukumbu

Aishiye Meru au Embu hahitaji kuelezwa jinsi hatua moja ya ardhi inavyowagombanisha ndugu. Mtu hugawiwa hatua kumi, jembe lake likafika ya kumi na moja, na kesi ikaanzia kwa wazee na kuishia mahakamani. Naanza na ardhi kwa kuwa ninalotaka kulisema juu ya kompyuta ni lilo hilo.

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C hutengewa sehemu ya kumbukumbu ya mashine, na lugha yenyewe haina mlinzi mpakani. Mwandishi akitenga nafasi ya herufi 100, kisha zikaja 101, ile ya ziada huangukia shamba la jirani. Hapo programu huweza kuzimika ghafla au, vibaya zaidi, mtu mwenye nia mbaya akapenyeza amri zake. Kasoro ya namna hii ilikuwa mojawapo ya njia alizotumia Robert Morris mwaka 1988, programu yake ilipovamia maelfu ya kompyuta.

Tutazame Vim, programu ya kuhariri maandishi ambayo Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991. Maandishi yake asilia yako wazi kwa yeyote, na mwaka 2022 kasoro nyingi za aina hii zilifichuliwa humo. Nimeyasoma baadhi ya marekebisho. Aghalabu ni mistari michache tu: kabla ya kusonga mbele, hakikisha maneno hayajakwisha. Ugumu ni kujua pa kuuweka ukaguzi huo. Mara nyingi rekebisho huambatana na jaribio, ili kasoro isirejee kimyakimya.

Kijana mmoja wa huku, mwenye shahada ya kompyuta, aliniambia kazi hiyo ni ya Wazungu. Maneno hayo yaliniuma. Meru ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Embu nayo ina chuo kikuu chake. Kwa nini mwanafunzi asipewe alama kwa kurekebisha kasoro ya kweli, badala ya kuandika upya kikokotoo kile kile cha kila mwaka?

Wapo watakaosema lugha mpya, kama Rust, hulinda mipaka zenyewe. Ni kweli, lakini maandishi ya C yaliyokwisha kuenea duniani hayatafutika kesho.

Tena Vim si ya mbali kama adhaniavyo kijana yule. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo aliwaomba watumiaji wa programu yake wawachangie watoto wa huko. Alifariki Agosti 2023, na kazi ya kuitunza imebaki mikononi mwa watu wa kujitolea. Mwanafunzi wa Embu atakaye kujiunga nao anaweza kuyafungua maandishi hayo usiku huu, bila ada na bila barua ya chifu.