Tusiwadai Watoto Lugha Kabla ya Wakati

Umezuka mtindo miongoni mwa wazazi wa mijini wa kumpima mtoto kwa ufasaha wake wa Kiingereza kabla hajatimiza hata miaka minne. Baadhi ya shule za chekechea nazo huwafanyia mahojiano watoto ambao bado hawajui kufunga vifungo vya shati. Anayenyamaza mbele ya mwalimu mgeni huitwa mzito; afikapo nyumbani hukaripiwa, na pengine hufinywa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuichunguza lugha, naomba niwaarifu wazazi wenzangu kwamba lugha haiharakishwi kwa kiboko. Aghalabu mtoto hutamka neno lake la kwanza akikaribia mwaka mmoja au akiupita kidogo, na afikapo miwili huanza kuunga maneno mawili. Sauti ‘r’ huchelewa. Asemaye ‘lafiki’ akiwa na miaka minne hana ila yoyote. Naye asemaye ‘majino’ badala ya ‘meno’ hakulisikia neno hilo kwa mamaye, la hasha! Ameona kuwa jina huwa majina, akakata shauri kuwa jino nalo liwe majino. Mwaka 1958, Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha za viumbe wenye majina ya kubuni, nao wakayatia wingi barabara ingawa hawakuwahi kuyasikia. Basi tunapomcheka mtoto huyu tunacheka nini, kama si akili yake ikifanya kazi?

Hofu ya wazazi naielewa, maana Kiingereza ndiyo lugha ya mitihani na ya ajira. Lakini Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na mtaala wa umilisi ulioanza 2019 haukulitupa wazo hilo. Ni sisi wazazi tunaolipia kinyume chake.

Hata hivyo, subira isigeuke uzembe. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ilhali hageuki aitwapo, au wa miaka miwili asiye na neno hata moja, apelekwe hospitali apimwe masikio, tena mapema. Wapo ambao jamaa husema tu, “Atasema, hata babake alichelewa,” na miaka ikapita hadi siku ya kuingia shule.