SOKO LA SILAHA: Shotigani ya kujipakia haimfai mwindaji wa Bugarama

Bei ya dhahabu ikipanda, fedha za Bugarama na Kakola huelekea kunakojulikana: ng'ombe, nyumba ya bati, mashine ya kukoboa mpunga, pikipiki. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia, na mwenye duka au dalali wa mpunga aliyekwisha maliza hayo manne huanza kufikiria la tano, yaani bunduki ya marisau. Anataka moja tu, namba 12, ifanye kazi tatu. Imlindie mali usiku, imsaidie kuwinda kanga na kwale msimu ukifunguliwa, na Jumapili moja moja aende nayo kulenga visahani na wenzake.

Akifika kwenye duka la silaha mjini huonyeshwa aina tatu. Ipo ya mitutu miwili, ambayo huvunjwa katikati na kutiwa risasi kwa mkono. Ipo ya kuvuta, ambayo wengi huiita pampu. Na ipo ya kujipakia, yaani nusu otomatiki, ambayo ikishafyatuliwa hutupa ganda nje na kuleta risasi nyingine bila mwenyewe kugusa kitu. Hiyo ya tatu ndiyo inayong'aa kabatini, ndiyo yenye jina kubwa, na mara nyingi ndiyo mteja anayoondoka nayo. Kwa mnunuzi wa ukanda huu huo ni ununuzi mbaya. Kwa anayetaka kuwinda ni mbaya zaidi, kwa sababu itamkutanisha na sheria.

Suala la sheria lianze, kwani ndilo linalosahauliwa dukani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, ina orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuwindia. Mle ndani, pamoja na sumu, mitego na magari, imo silaha ya otomatiki au nusu otomatiki inayoweza kujipakia yenyewe zaidi ya mara moja bila mpigaji kufanya jambo jingine. Shotigani ya kawaida ya kujipakia, yenye risasi nne au tano tumboni, imeingia humo mzima mzima. Mtu anaweza kuwa na leseni halali ya kuimiliki na pia kibali halali cha kuwinda kanga, na bado akakutwa na kosa kwa sababu ya kifaa alichobeba.

Muuzaji mjanja atasema dawa ipo: kizibo cha mti au plastiki kinachowekwa ndani ya magazini ili zisiingie risasi nyingi. Kweli, vizibo hivyo vinatumika kwingine. Marekani tangu 1935 imewalazimu wawindaji wa ndege wahamao kutozidisha risasi tatu ndani ya shotigani, na Ulaya, kwa agizo lake la ndege la 1979, ilikataza bunduki za kujipakia ambazo magazini yake inameza zaidi ya risasi mbili. Tanzania si peke yake katika jambo hili. Lakini neno la sheria yetu ni "inayoweza", na kizibo kinachotolewa kwa bisibisi dakika tano hakibadilishi sana kile ambacho bunduki inaweza. Huenda wakili mzuri akalitetea hilo mahakamani Kahama na akashinda. Wakati huo wote bunduki itakuwa imelala kituoni kama kielelezo, na msimu wa kanga umekwisha.

Kuna jambo jingine kuhusu leseni ambalo lina uzito wa fedha. Maombi ya kumiliki silaha huanzia serikali ya kijiji au mtaa, hupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, hufika kwa Jeshi la Polisi. Kazi hiyo si ya wiki moja. Leseni ikitoka inaandikwa aina ya silaha na namba yake. Kwa hiyo mtu aliyenunua vibaya hawezi kesho kwenda kuibadilisha kama anavyobadilisha simu au jenereta. Anayetaka kuiuza ni lazima ampate mnunuzi ambaye naye amepita ngazi zile zile. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 ambao uliwapeleka wamiliki vituoni wakiwa na bunduki zao mkononi, biashara ya mkono kwa mkono imekuwa hatari tupu. Ukichagua, umechagua kwa miaka.

Yafaa sasa kutazama bunduki yenyewe, maana wapo wasiotaka kuwinda na ambao kifungu kile hakiwagusi.

Ya kujipakia haikuzuka jana. John Browning, Mmarekani, ndiye aliyeitengeneza ile maarufu iliyoitwa Auto-5, na kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuitoa mwanzoni mwa miaka ya 1900, nayo ikaendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika hiyo mtutu mzima unarudi nyuma. Baadaye zikaja za gesi, mfano Remington 1100 ya mwaka 1963 na Beretta za leo: tundu dogo katika mtutu linapitisha gesi ya baruti, gesi inasukuma pistoni, pistoni inafungua bunduki. Benelli wa Italia wakachukua njia nyingine. Kwao bunduki ikirudi nyuma begani inabana springi nzito, na springi hiyo ikiachia ndiyo inayofanya kazi. Hakuna gesi inayoingia ndani, hivyo hakuna masizi mengi.

Kwa anayeng'ang'ania lazima apate ya kujipakia, uamuzi uko hapo. Ya gesi ni laini begani. Mzee, au mtu mwembamba, ataipenda, na hilo ni jambo la kweli, si la matangazo. Lakini inakula uchafu wake yenyewe. Baada ya boksi kadhaa pistoni inashika masizi, na masizi yakichanganyika na mafuta na vumbi la Bugarama la kuanzia Juni hadi Oktoba, kinachopatikana ni gundi. Ya springi husafishwa haraka na hustahimili vumbi vizuri zaidi, ila inasukuma bega kwa nguvu, na inamtaka mpigaji aishike imara. Akiilegeza, au akiifunga mizigo ya tochi na mkoba wa risasi kwenye kitako, inaweza isijipakie. Kati ya hizo mbili, kwa mazingira haya, ya springi ndiyo afadhali. Afadhali tu.

Kinachoziangusha zote mbili ni risasi. Bunduki ya mitutu miwili haijali risasi ina nguvu kiasi gani, mradi urefu ni sawa na si mbovu. Itafyatua ya gramu 24, itafyatua ya gramu 36. Ya kujipakia inahitaji nguvu fulani ili izunguke. Nyingi zilizotengenezwa kwa risasi nzito za milimita 76 huanza kukwama zikipewa nyepesi za gramu 28 au chini. Huko Italia mwenye bunduki huingia dukani akachagua katika rafu nzima ya risasi hadi apate inayokubaliana na mashine yake. Mtu wa Bugarama ananunua iliyopo, kwa idadi anayoruhusiwa, na huenda mwakani akakuta nyingine kabisa. Kumiliki mashine inayochagua chakula katika soko lisilo na uchaguzi ni kujitafutia njaa.

Na hapo ndipo hoja ya michezo nayo inapodhoofika. Wengi hudhani kulenga visahani ndiko ilikozaliwa bunduki ya kujipakia. Katika mashindano ya kimataifa yanayofuata kanuni za ISSF, ambazo ndizo za Olimpiki, bunduki hizo zinaruhusiwa, lakini risasi haitakiwi kuzidi gramu 24 za marisau, yaani zile nyepesi ambazo nyingi kati yao hazizipendi. Hakuna mahali pa risasi ya tatu pia. Kwenye trap mpigaji ana risasi mbili kwa kisahani kimoja, na kwenye skeet ni moja kwa kila kisahani. Wachezaji wakubwa karibu wote hubeba mitutu miwili iliyopandana. Ya kujipakia pia humrushia jirani wa kulia maganda ya moto, jambo ambalo kwenye mstari wa kulengea huleta ugomvi kuliko hata ushindi. Yafaa msomaji ajue vilevile kwamba pampu imekatazwa kabisa katika mashindano hayo, ili asije akainunua kwa ndoto za Olimpiki.

Iko nchi ambako ya kujipakia inalipa gharama yake. Katika mashamba ya Córdoba, Argentina, njiwa ni wengi mno, na wageni hufyatua mamia ya risasi kwa siku moja hadi mabega yanavimba. Pale bunduki laini ya gesi ni huruma kwa mwili. Mwenye shotigani wa Msalala huenda akamaliza boksi mbili tatu za risasi 25 kwa mwaka mzima. Faida anayoilipia haitumii, na matengenezo anayodaiwa nayo hayafanyi.

Matengenezo yana bei yake. Remington 1100 ina mpira mdogo wa duara unaozuia gesi isivuje. Ukikatika, bunduki hiyo ya fedha nyingi haijipakii tena. Mpira ni kitu cha senti, lakini wauagize wapi? Kampuni yenyewe ilifilisika mara mbili, 2018 na 2020, ikagawanywa na kuuzwa vipande, na kiwanda chake cha kale cha Ilion kikafungwa 2024. Za Uturuki, kutoka Huğlu na miji jirani katika jimbo la Konya, zina bei ya chini kuliko za Italia na nyingine ni imara kweli, lakini majina ni mengi na vipuri vya jina moja haviingii jingine. Baikal za Urusi, ambazo kwa sifa ya ugumu hazina mshindani wa bei yake, zimekuwa ngumu kuagizwa tangu vikwazo vilivyofuata vita vya Ukraine vya 2022. Hata hivyo Baikal ya mitutu miwili iliyokwishaingia nchini miaka iliyopita haina vipuri vingi vya kuharibika: pini za kufyatulia, springi chache, bawaba. Fundi mwenye kibali na mwenye mkono mzuri anaweza kuzitengeneza hizo bila kungoja meli.

Usalama nao una thamani ambayo haiandikwi kwenye risiti. Watu wa vijijini huwinda kanga kwa kuwaswaga. Vijana na watoto hutembea vichakani wakipiga kelele, na wenye bunduki husimama upande wa pili. Katika hali hiyo, bunduki iliyovunjwa katikati na kuning'inia mkononi huonyesha kila mtu, hata mtoto, kwamba haina kitu. Ya kujipakia haionyeshi. Magazini inaweza kuwa tupu na chemba ikabaki na moja. Askari wa wanyamapori au wa kituo akimsimamisha mtu barabarani, naye huanza na swali hilo hilo.

Kwa ulinzi wa duka hoja hubadilika kidogo. Pampu ni nafuu, haichagui risasi kwa sababu ni mkono unaofanya kazi ya gesi, na mwizi hahitaji kueleweshwa mlio wake. Mwenye duka asiye na mpango wa kuwinda wala kushindana achukue pampu na abaki na chenji. Atakayesema ya kujipakia ni ya haraka zaidi anasema kweli, lakini anazungumzia risasi ya nne na ya tano, na anayefikia risasi ya tano usiku katikati ya nyumba za majirani ana tatizo kubwa kuliko mwizi.

Kwa mwenye kazi tatu, basi, chaguo ni mitutu miwili, na mtumba mzuri unashinda mpya ya ovyo. Mtumba huo upitie polisi kwanza, hasa ikiwa mwenyewe amefariki na warithi ndio wanaouza, maana leseni yake hairithiwi pamoja na bunduki. Kisha mnunuzi aifunge, aishike mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, aitikise. Ikigonga kwenye bawaba, aiache. Atazame ndani ya mitutu dhidi ya mwanga wa dirisha, akitafuta vishimo vya kutu na vivimbe. Mitutu ya zamani yenye mistari kama ya kusokotwa ilitengenezwa kwa baruti nyeusi na haifai kwa risasi za leo, hata kama muuzaji anasema babu yake aliitumia. Mwisho ageuze mitutu, asome tarakimu zilizogongwa chini yake. Ikiwa ni 70, asiingize ya 76, hata kama inaingia bila taabu, kwani ganda hufunguka na kurefuka linapofyatuliwa. Ikiwa ni 65, kama zilivyo nyingi za zamani kutoka Ulaya, arudishe bunduki kabatini, kwa sababu boksi nyingi zinazouzwa siku hizi zimeandikwa 70.