SHAMBA SI KIINUA MGONGO



Kila mmoja wetu aliyepata kupunguzwa kazi Nairobi au Athi River ameyasikia maneno haya. Tajiri, au karani wake, hukutazama kwa huruma akasema: "Mzee, wewe una bahati, kwenu Machakos una shamba. Nenda ukalime." Mimi niliambiwa hivyo nimesimama langoni na mfuko wa nguo, na hesabu ya haki yangu haijafanywa. Nataka kuyajibu, maana wenzetu wengi wanakata shauri la kurudi mashambani kwa kuyasikiliza, na hali yametungwa na yule asiyetaka kulipa.

Maneno hayo ni ya zamani. Wakati wa ukoloni Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu asiye na mke, ikidhaniwa kwamba mke na watoto wanakula huko risavu. Hata Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ile ile ya mkoloni, ilikiri mwaka 1954 kwamba mshahara huo haumtoshi mtu na jamaa yake. Uhuru ukaja mwaka 1963, na mwaka uliofuata Mzee Kenyatta akawaita watu warudi kwenye ardhi, kwa kuwa miji ilijaa wasio na kazi. Mwaka uo huo wa 1964 vyama vya wafanya kazi vilikubali kutodai nyongeza kwa mwaka mzima, ili matajiri na serikali waandike watu zaidi. Vyama vikanyamaza. Ukosefu wa kazi haukwisha.

Sasa tulitazame hilo shamba. Katika miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa umechukuliwa na maji, hata maofisa waliona nchi imekwisha. Mwaka 1938 serikali ilipokuja kuwauza ng'ombe wetu kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu hadi Nairobi kulalamika, naye akahamishiwa Lamu. Leo ukipita Kathiani au Masii unaona matuta mlima mzima. Nani aliyayajenga? Waliyajenga watu wa mwethya kwa majembe, wengi wao wanawake. Na fedha za majembe, za mbegu na za vibarua zilitoka wapi? Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka mara nyingi na bado mmomonyoko ulipungua, na sababu mojawapo ni fedha zilizotoka nje ya shamba, za wale waliokuwa kazini mijini. Kwa hiyo tajiri ameisoma habari kinyume. Mshahara ndio uliolilisha shamba. Akiukata mshahara, shamba nalo hulala njaa.

Tena si kila mtu ana shamba. Wengine wana nusu eka ya kugawana na ndugu wanne. Mwenye nalo hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba, na zikikosa, hata ndengu hazitoki. Na hapo nyumbani kuna mtu ambaye hakuulizwa: mama wa watoto, aliyeliendesha shamba hilo miaka ishirini pasipo sisi. Nimewaona wazee wakishuka basi mwezi wa Januari, na kufika mwezi wa Februari wameanza kumfundisha mke mahali pa kupanda mbaazi. Bwana, uliza kwanza.

Utasema, nitarudi kisha nitafute kibarua huko huko. Sikiliza basi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimpa kibarua wa kawaida wa Nairobi zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwezi, wa mji kama Machakos kama 14,000, na wa huko nje ya miji kama 8,100. Nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 haikuliziba pengo hilo. Mikono ni ile ile, jembe ni lile lile. Je, sabuni ya dukani Wamunyu huuzwa nusu bei? Hupanda basi ikitoka Nairobi, nauli yake twailipa sisi. Hili ni jambo la chama kulipigania, wala si la kumwachia kila mtu na shida yake.

Sisemi usirudi. Mwenye maji, mwenye afya, aliyeshauriana na mkewe, na aende kwa amani. Ila asiende mikono mitupu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mtu akipunguzwa pasipo kosa lake, chama chake na Afisa wa Leba wapewe habari mwezi mmoja mbele, naye alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya. Aliyefanya miaka 12 ana siku 180. Hizo ni tangi la maji, na matuta mapya, na karo. Adai pia fedha za likizo asiyokwenda, na cheti cha kazi, na aangalie kama michango yake ya NSSF ilipelekwa kweli.

Mwenye barua ya kupunguzwa aje nayo tawini kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote, hata kama karani amemwambia ni ya kuchukulia nauli tu.