Tumba si bizari

Tangazo lilisema "usiku wa jazz wenye vionjo vya Kilatini". Kwa neno "vionjo" peke yake ningebaki nyumbani, lakini nilikwenda. Ilikuwa hoteli moja ya Dar es Salaam, na onyesho lilikuwa la kuwaenzi Thelonious Monk na Dizzy Gillespie. Piano mbele, saksafoni mbele, besi na drums nyuma yao, na huko mwisho kabisa, jirani na mlango wa jikoni, mzee mmoja na tumba zake mbili. Maikrofoni haikumfikia. Kila wimbo ulipofika katikati kiongozi wa bendi alimgeukia, akampa ishara, mzee akapiga dakika moja, watu wakapiga makofi, naye akakunja mikono kungoja kuitwa tena. Nilipomfuata baadaye kumpa shikamoo, aliniambia kwamba amepiga dansi tangu ujana wake, na kwamba usiku ule alipewa kiti lakini hakupewa kazi.

Toleo hili limezaliwa kwenye kiti kile. Waandishi wetu wana mengi ya kusema juu ya jazz na ngoma za Cuba, na hawakubaliani wote. Mimi nina neno moja tu: ngoma hizi hazinyunyizwi juu ya jazz iliyokwisha kuiva kama bizari juu ya wali. Zikishaingia, wali unapikwa upya tangu maji.

Tarehe 29 Septemba 1947, Gillespie alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, akiwa na Chano Pozo wa Havana kwenye tumba. Aliyewakutanisha ni Mario Bauzá, Mcuba aliyepata kukaa na Gillespie katika safu moja ya matarumbeta kwenye bendi ya Cab Calloway. Mwisho wa mwaka huo wakarekodi "Manteca". Usikilize wimbo huo kwa makini. Msingi aliouleta Chano unakaa palepale, unazunguka na kuzunguka, kila chombo kikiingia juu ya mwenzake. Gillespie aliona utachosha, akatunga kipande cha katikati cha vipimo 16 chenye akodi za jazz. Kipande hicho kinapokwisha, wimbo unarudi wapi? Unarudi kwa Chano, kwa sababu pale ndipo kwao. Chano mwenyewe hakudumu: aliuawa kwa risasi katika baa ya Harlem Desemba 1948, akiwa na miaka 33.

Siri ya msingi ule ni klave. Ni mapigo matano ya vijiti viwili vya mbao ndani ya vipimo viwili: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili, au kinyume chake. Msomaji wetu hahitaji somo refu, maana ushairi umekwisha kumfundisha. Mshororo wa mizani 16 una ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na kina cha kati ndicho kinachokueleza umesimama wapi. Neno likivuka mpaka, sikio la malenga hushtuka kabla hajahesabu kitu. Klave nayo ina ukwapi wake na utao wake. Mpangaji wa muziki akiuanza wimbo wa Monk upande usio wake, wapigaji wote wanaweza kuwa mabingwa na bado kitu kikaenda kombo, kama kanzu iliyovaliwa nyuma mbele. Huwezi basi kumwita mpiga tumba saa kumi jioni, siku ya onyesho. Alipaswa kuwapo siku ile mlipokuwa mnauliza wimbo uanzie wapi.

Jerry González aliliona hilo. Yeye na kundi lake la Fort Apache Band walipotoa "Rumba Para Monk" mwaka 1989, nyimbo za Monk zilivunjwa na kujengwa upya juu ya ngoma. González alikuwa mpiga tarumbeta na mpiga tumba, vyote viwili, kwa hiyo ndani ya kichwa chake hapakuwa na mgeni wala mwenyeji. Na Monk mwenyewe hakuwa mbali na visiwa vya Karibi. Alikulia mtaa wa San Juan Hill, Manhattan, uliojaa wahamiaji kutoka huko, na "Bemsha Swing", aliyoitunga pamoja na Denzil Best, imebeba jina la utani la Barbados.

Lakini onyesho ninalolitaja kila nikibishana na watu ni jingine. Mwishoni mwa 1957 Machito na bendi yake, Afro-Cubans, walirekodi albamu waliyoiita "Kenya". Cannonball Adderley alipiga saksafoni humo, Candido Camero na Patato Valdés wakapiga tumba. Kenya yenyewe wakati huo ilikuwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na uhuru ulikuwa miaka sita mbele. Nusu karne baadaye Bobby Sanabria, mzaliwa wa Bronx aliyewahi kukaa kwenye drums katika bendi ya Bauzá, aliwakusanya wanafunzi wa Manhattan School of Music wakaipiga albamu ile upya mbele ya watu. Rekodi ilitoka mwaka 2009. Mgeni wao alikuwa Candido yuleyule, miaka zaidi ya 85, mmoja wa watu wa kwanza kupiga tumba tatu kwa pamoja na kuzipanga sauti hadi zikaimba. Vijana wa shule ya muziki, ambao wengi wao walikuwa na umri wa wajukuu zake, walilazimika kumfuata yeye. Huko ndiko kuenzi ninakokuelewa.

Tusijidanganye lakini kwa majina. Katika "Kenya" hiyo hamna wimbo wa Kikamba wala wa Kijaluo. Bauzá naye alitunga "Tanga" mwaka 1943, kipande ambacho wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa jazz ya Kiafro-Cuba, na nimeshakutana na watu wa Tanga wanaoapa kwamba ni mji wao. Si mji wao. (Mimi ni mtu wa huko, laiti ingekuwa hivyo!) Undugu wa kweli upo kwingine, nao hauhitaji kutiwa chumvi. Watumwa waliotoka nchi za Kongo walifika Cuba na ngoma zao, na hata neno "ngoma" liko huko hadi leo. Kisha mlio ukarudi kwa meli: kuanzia miaka ya 1930 santuri za GV za kampuni ya HMV zilileta muziki wa Cuba Afrika, na vijana wetu wakaukamata. Morogoro ikapata Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tukapata pia Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, na katika bendi hizo zote zilizojiita jazz ungetafuta jazz ya New York mpaka kuche. Ulichokikuta ni rumba, na katikati ya rumba, tumba.

Ndiyo maana kiti cha karibu na jikoni kiliniuma. Ingekuwa Oslo, ningesema hawajui. Dar es Salaam ina watu waliokuwa wakiucheza mlio ule Jumamosi baada ya Jumamosi, na bado tunauita kionjo.

Nimemwuliza mzee kama atakubali kupiga siku tutakapolizindua toleo hili, nikamwahidi kwamba nyimbo zitachaguliwa yeye akiwapo na kiti chake kitakuwa ubavuni mwa besi. Aliuliza mazoezi ni lini. Nikamwambia wiki tatu kabla. Amekubali, mradi yasiangukie Ijumaa mchana.