Nani Kasema Riwaya Lazima Ifunze?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha sita kwa nini riwaya fulani ni nzuri, atakujibu kabla hujamaliza swali: ina mafunzo. Muulize mwalimu wake, au mzazi anayepekua vitabu dukani, utaambiwa hayo hayo. Imani hii imezoeleka mno hata hakuna anayeidai ushahidi. Mimi naidai.

Tuanze na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972. Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtaka Bahati. Bahati anampenda Idi. Idi anapenda fedha. Fungua madesa yoyote, yale maelezo ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, utakuta funzo lake: tamaa mbele, mauti nyuma. Vema. Lakini methali hiyo tulikuwa nayo zamani, tena bure, tena kwa maneno manne. Ikiwa mwandishi hakuwa na jingine la kutupa, alijisumbua bure na sisi akatupotezea wakati. Hakuna anayesoma riwaya nzima ili afikishwe pale pale alipokuwa amesimama. Tunaisoma kwa sababu Idi anavutia, na tunakuja kushtuka kwamba tumekwisha kuwa upande wake, sisi tunaojiona waadilifu. Methali haiwezi kumfanyia mtu hivyo. Riwaya inaweza, na mtihani hauulizi imewezaje.

Lakini kitabu kinachoiumbua imani hii ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Zakaria anambana binti yake na kumpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, na huko kila alichokatazwa anakitafuta, mpaka mwisho anajiua. Wapo wanaosoma humo onyo kwa wasichana: jitunzeni. Wapo wanaosoma onyo kwa wazazi: legezeni kamba. Wengine wanaona kesi dhidi ya walimu wanaowachezea wanafunzi. Kila mmoja ana kurasa za kunukuu. Na si hayo tu. Riwaya hiyo kwanza ilipigwa marufuku shuleni, halafu baadaye ikaja kusomeshwa kama kitabu cha kawaida cha sekondari, Tanzania na Kenya. Rosa ni yule yule, baba yake ni yule yule. Waliobadilika ni wasomaji wenye mamlaka, na funzo likabadilika nao. Sasa tuambiwe, mafunzo hayo tunayopimia ubora wa kitabu yamo kitabuni au yamo kichwani mwa anayepima?

Kibaya zaidi, wanaoihubiri imani hii hawaifuati. Kama kipimo ni mafunzo, basi Elvis Musiba angekaa mstari wa mbele. Katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), Willy Gamba anapambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Uzalendo unamwagika kila sura. Mbona basi tunamwacha mlangoni pamoja na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake? Tunaambiwa hao ni wa kuburudisha tu. Kumbe! Mafunzo yamo tele, ila kosa lao ni kwamba watu walivisoma vitabu vyao usiku kucha bila kulazimishwa.

Sisemi wote ni sawa. Wanaokwepa ubishi hukimbilia kusema kila mtu na ladha yake, na huo nao ni uvivu, kwa sababu ladha inaweza kutolewa hoja. Mimi nashikilia kwamba Mtobwa wa Dar es Salaam Usiku ni fundi kuliko Musiba: jiji lake lina harufu na lina watu, ilhali kwa Musiba miji mingi ni hoteli na viwanja vya ndege, na wanawake wazuri ambao ukishafunga kitabu huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake. Anayenipinga anifungulie ukurasa. Hapo tutakuwa tunazungumza fasihi.

Najua nitakumbushwa jadi: Shaaban Robert na adili zake, au Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa akimwusia binti yake. Fasihi yetu, nitaambiwa, ilizaliwa ikifunza. Sikatai. Lakini usia kwa binti umetolewa na kila mama na kila shangazi wa pwani, karne kwa karne, na takriban wote umepotea pamoja na waliousema. Huu mmoja umebaki, ingawa mengi ya uliyoyaagiza hata wanaousifu hawayafuati tena. Umebaki kwa vina na mizani yake, na kwa sauti ya mtu anayejua kwamba muda unamwishia. Mwenye kuutaja kama ushahidi wa mafunzo ananisaidia mimi.

Nagona (1990) ndiyo iliyolipa gharama ya imani hii. Kitabu chembamba, mwandishi yule yule wa Rosa Mistika, lakini msomaji aliyezoezwa kuchuma dhamira na ujumbe anazunguka humo, hapati cha kuandika kwenye daftari, anakitangaza kigumu na kukirudisha kabatini. Hajaulizwa kama kilimtisha, kama kilimchekesha, kama kilimchosha na kilimchosha wapi.

Kwa hiyo ningependekeza swali moja tu liongezwe kwenye mtihani: taja sehemu ya riwaya iliyokufurahisha au kukuudhi kuliko zote, kisha eleza mwandishi amefanya nini na lugha hata ukajisikia hivyo. Madesa hayatakuwa na jibu. Wasahihishaji watalalamika kwamba hawana mwongozo wa kutolea alama, na itabidi nao wasome kitabu.